Legea, Nimesema!

Pale stendi ya mabasi ya Msamvu, Morogoro, zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, mpigapicha humkalisha mteja kwenye stuli mbele ya pazia la buluu, akamwinua kidevu kwa vidole viwili, kisha akafoka: “Usikakamae!” Mteja, kwa utii, hukakamaa zaidi. Mwili haulegei kwa amri. Hulegea mtu akishasalimiwa, akaulizwa safari ya wapi, akapewa kioo na kitana. Mtasema basi halimsubiri mtu. Kweli, ila kurudia picha hula muda kuliko salamu. Mtasema picha ya pasipoti haitaki kicheko. Haitaki, wala haidai uso wa mtuhumiwa. Au ndiyo huduma kamili hiyo: afisa uhamiaji asihangaike kumshuku mtu.