Ombi la Uhamisho wa Kifungu cha 210

Kaplong,
Kaunti ya Bomet.

Kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: UHAMISHO WA MTUMISHI WAKO, KIFUNGU CHA 210

Nakuandikia kutoka Kaplong, pale njia ya Kisii inapoachana na ya Bomet. Nia yangu ni kumpongeza mtumishi wako mmoja, kisha nimwombee uhamisho. Anaishi ndani ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, amepakana na wauaji kila upande.

Nilijulishwa kwake na binamu yangu anayesomea sheria, jioni moja tukimenya viazi. Aliponisomea kifungu chenyewe, nilisahau kiazi mkononi. Kumbe serikali inajua! Inajua kwamba mwanamke akijifungua, mizani ya akili yake yaweza kuyumba. Inajua kwamba kuyumba huko hakuishi siku ya arobaini, kwaweza kumfuata mpaka mtoto atimize miezi 12. Hata kunyonyesha kumetajwa. Mimi nilidhani siri hiyo ni yangu na mto wangu wa kulalia.

Kuna sharti moja tu dogo. Lazima mtoto awe amekufa, na aliyemuua awe ni mama yake. Hapo ndipo Kifungu cha 210 huamka, akavaa tai, akasimama mbele ya jaji na kueleza kwa upole kwamba huyu mama hakuwa sawa, basi ahukumiwe kama aliyeua bila kukusudia. Adhabu ya kosa hilo, kwa hisani yenu, haizidi kifungo cha maisha.

Asili yake ni Uingereza. Wenyewe walimtunga 1922 kwa ajili ya mtoto mchanga, wakamnyoosha 1938 afike miezi 12, na huyu wetu anazungumza vilevile, karibu neno kwa neno. Ni mzee. Lakini katika utumishi wote wa umma sijaona mwingine anayenielewa kama yeye.

Niseme ninavyojua. Binti yangu alizaliwa mvua ikinyesha, akapewa jina la mvua kama ilivyo desturi yetu Wakipsigis. Mvua haikujali heshima hiyo, ikaendelea kunyesha. Mheshimiwa, ardhi hii iliumbwa kwa ajili ya chai, si kwa ajili ya nepi. Kila alasiri wingu linashuka. Nepi zangu zilikaa kambani siku tatu, zikarudi ndani zikiwa mbichi, nikazianika juu ya meko zikanuka moshi, na mtoto akanuka moshi. Mume alikuwa kibaruani Nairobi. Mshono ulikuwa bado unavuta. Na chai haina habari kwamba umezaa: kila wiki moja au mbili inataka kuchumwa, la sivyo inakomaa na kiwandani hawaitaki. Nikaingia mashambani na mtoto mgongoni.

Nilikuwa nikilia, na kila aliyeniona alinikumbusha kumshukuru Mungu kwa mtoto mzima. Nilimshukuru. Nikaendelea kulia.

Kogo, yaani nyanya yangu, ambaye hakuona mlango wa shule, alikuwa na kanuni yake: machozi ya siku za kwanza yaacheni yatiririke, yatakauka yenyewe; lakini yakivuka wiki mbili, mama asiachwe peke yake na mtoto, usiku wala mchana. Kogo alikuwa ameshafariki.

Wiki ya sita nilikwenda kliniki, ambayo sitaitaja, maana wauguzi walikuwa wawili na foleni imefika langoni. Mtoto alivuliwa, akaning'inizwa kwenye mizani, akaandikwa kitabuni, akachanjwa, akasifiwa mashavu. Kisha nikaulizwa swali langu la pekee: "Unanyonyesha?" Nikasema ndiyo. Mahojiano yakaishia hapo. Wangeniuliza la pili, ningewaambia kwamba usiku uliopita nilitoka na panga letu nikalipeleka kwa jirani, nikisingizia ni butu anisaidie kulinoa. Sikutaka lilale nyumba moja nami.

Jirani ni mtu mwema. Alilirudisha kesho yake, likiwa kali.

Sasa nimejua kwamba maswali yapo, tena ya bei rahisi kuliko uji. Tangu 1987 kuna orodha ya maswali 10 iliyotungwa kule Edinburgh. Imeshatafsiriwa kwa Kiswahili, haihitaji umeme wala friji, na mama anaijibu akiwa amekaa kwenye benchi kabla mtoto hajamaliza kunyonya titi la pili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi kama yetu karibu 20% ya waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Benchi la kliniki yetu linakaliwa na akina mama watano. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Naelewa kwa nini mama mwenyewe hasemi. Swali la kumi la Edinburgh linauliza kama wazo la kujidhuru limekujia siku za karibuni, na ofisini mwako alikuwepo Kifungu cha 226, aliyemngoja yeyote aliyejaribu kujiua akakosea, ampe hadi miaka 2 jela. Kufikiria si kujaribu, lakini nani angeanza kufafanua tofauti mbele ya mtu aliyeshika kalamu? Mahakama Kuu ilimwona anakiuka Katiba, Januari 2025. Nawapa pole kwa kumpoteza.

Watumishi wengine mlionao ni wakarimu mno kwa watu wengine. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara. Katika shamba letu bado hatujakubaliana mwajiri ni mimi, ni mume wangu, au ni chai yenyewe. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Anayechuma kwa kilo, leo hapa kesho kule, chumba chake ni ule upenyo kati ya mistari miwili, hewa ipo ya kutosha. Na tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanatutembelea na mikoba ya vifaa. Wanapima sukari, joto na shinikizo la damu. Ulimi wa kuuliza "umelalaje?" nadhani bado uko kwenye zabuni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba Kifungu cha 210 ahamishwe kutoka mahakamani, alikozoea kufika baada ya mazishi, aje kliniki wiki ya pili, ya sita, na mwezi wa sita baada ya mama kujifungua. Ujuzi anao tayari. Joho aliache. Awe na gamboti kwa ajili ya matope, na sweta, hasa Julai. Ashuke njia panda, aulize kliniki ya watoto, mtu yeyote wa bodaboda anaijua. Afike kabla ya saa mbili asubuhi, benchi halijajaa.

Akinikosa hapo, nitakuwa kwa jirani. Nimempelekea panga tena, na safari hii nimemwambia sababu.

Wako mtiifu,
Mama wa mtoto wa mvua.

Nakala: Kifungu cha 226 (mstaafu).