Mwongozo kwa Anayetaka Kuuza Makoti ya Baridi

Kama una pesa za kutosha na huna ugonjwa wa presha, karibu kwenye biashara ya nguo za milimani na porini: makoti ya theluji, suruali za kupandia mlima, fulana za kuvulia samaki. Wanaoijua wameshakuonya kwa maandishi. Kila kampuni iliyouza hisa zake kwenye masoko ya Marekani hutakiwa kuchapisha ripoti ya mwaka, na ndani yake kwa kawaida kuna sura nzima ya mambo yanayoweza kuiua. Ya muuza makoti huanzia kwenye hali ya hewa na kuishia kwenye vita. Wenye hisa huiruka, nawe iruke, usije ukakata tamaa mapema.

Shughuli yenyewe ianze na msiba. Paul na Marie Lamfrom, Wayahudi waliokimbia Ujerumani ya Hitler, walinunua kampuni ndogo ya kofia mjini Portland, Oregon, mwaka 1938, wakaipa jina la mto wa huko: Columbia. Mwaka 1970 mkwe wao, Neal Boyle, aliyekuwa akiiendesha, alifariki ghafla na kuacha mkopo mkubwa wa benki. Mjane wake, Gert, aliingia ofisini bila uzoefu, pamoja na mwanawe Tim aliyekuwa bado chuoni. Mambo yakaenda mrama mpaka akatokea mnunuzi ambaye bei yake, ukishatoa madeni, iliwaachia dola 1,400. Gert akamtimua: kwa pesa hizo, ni heri aifilisi mwenyewe. Hakuifilisi. Miaka ya 1980 akawa sura ya matangazo ya kampuni, mama mkali anayejaribu ubora wa makoti kwa kumtesa mwanawe, hata kumpitisha kwenye mashine ya kuoshea magari. Mwaka 1998 Columbia Sportswear ikaingia kwenye soko la hisa. Kumbuka tu kwamba wajane waliokubali dola zao 1,400 hawaandikwi popote.

Sasa jifunze utabiri. Koti la Desemba hubuniwa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Wenye maduka hutoa oda zao miezi mingi mapema, kitambaa kinaagizwa, viwanda vya Vietnam na Bangladesh vinashona, na wewe usiyemiliki hata cherehani moja unaahidi kulipa, yote kabla hajapatikana mtu anayejua kama baridi itakuja. Majira ya baridi ya 2023–24 katika majimbo 48 ya bara la Marekani yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa. Koti likidoda, hasara haiishi msimu huo. Mwenye duka ambaye stoo yake imejaa makoti ya mwaka jana hatoi oda ya mwaka huu hata theluji ikimfika magotini. Utapunguza bei, na mteja atajifunza kusubiri upunguze tena.

Usidhani mbunifu wa mitindo ndiye atakayekushonea nguo nzuri. Ajiri mtu anayezijua sheria za forodha. Marekani, blauzi ya kike ya nyuzi za viwandani imekuwa ikitozwa ushuru wa karibu asilimia 27. Iwe na kimfuko chini ya kiuno, inahamia fungu jingine na ushuru unashuka hadi asilimia 16 hivi. Ndiyo maana Columbia waliweka kwenye baadhi ya blauzi zao vimfuko ambavyo hata funguo hazikai vizuri. Koti nalo, likithibitishwa kwa kipimo cha mvua kwamba halipitishi maji, hulipa kama asilimia 7. Likishindwa, linaweza kulipa karibu 28. Mnunuzi wa mji usiojua mvua anavaa kinga ya maji iliyowekwa kwa ajili ya afisa wa bandarini. Ni ujanja halali kabisa, na mimi nauvulia kofia. Lakini Aprili 2025 Rais Trump alitangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam, na Julai akasema utakuwa 20. Hakuna kimfuko cha kuzuia hilo.

Kemikali za PFAS zinazofukuza maji nazo zina kesi yake. Tangu Januari 2025, California na New York zimepiga marufuku nguo nyingi zilizotiwa PFAS kwa makusudi.

Mzigo ukishashonwa, omba usafiri. Mwaka 2021 viwanda vya kusini mwa Vietnam vilifungwa kwa sababu ya Uviko, na meli zaidi ya 100 zikapanga foleni nje ya Los Angeles na Long Beach. Kila mfanyabiashara akaagiza zaidi ili asikose, na mwaka uliofuata mizigo ya wote ikafika kwa pamoja. Na meli ikifika salama, wapo wezi wa mtandaoni: Desemba 2023, watu wakinunua zawadi za Krismasi, walivamia mifumo ya VF, kampuni inayomiliki The North Face, na oda zikakwama.

Utashawishika kumwiga Yvon Chouinard, mwanzilishi wa kampuni ya nguo za milimani ya Patagonia. Mwaka 2011 kampuni yake ilitoa tangazo gazetini likiwaambia wasomaji wasinunue koti lake, na mauzo yakapanda. Wewe ukijaribu, watakutii.

Bado unaitaka? Basi anza na kukodisha. Mjini Moshi wapo wanaowakodishia makoti wapandaji wa Kilimanjaro, lile lile kwa mgeni baada ya mgeni, bila oda ya mwaka mzima kabla. Kule kileleni, mita 5,895, usiku ni baridi hata mwezi wa Januari.