Pointi Saba

Gereji moja ya Ngokolo, mjini Shinyanga, saa tatu usiku. Mafundi wamekwenda kula. Chini ya mwarobaini amebaki Landrova 109, mzee wa mwaka 1973, ambaye kesho anapelekwa kukaguliwa kwa sababu amebadilishwa injini na rangi. Pembeni yake yupo Mchomoko, yaani Probox ya abiria, aliyeletwa kutazamwa klachi, na Punda wa mkokoteni wa maji. Juu ya dashibodi ya Landrova amelala Kadi, ametiwa lamineti, anang'aa kuliko wote.

PUNDA: Mwadila, babu.

LANDROVA: Mwadila, mjukuu wangu. Usingizi hauji. Kesho naulizwa mimi ni nani.

KADI: Swali hilo si lako, ni langu. Gari ni mimi. Wewe ni vyuma tu.

MCHOMOKO: Haya, Bi Kadi, jisome basi.

KADI: Land Rover. Mwaka wa kutengenezwa, 1973. Rangi, kijani.

PUNDA: Mbona ni mweupe?

KADI: Mimi ni wa kijani. Yeye ndiye aliyejipaka bila kuaga.

LANDROVA: Nilipakwa! Tajiri wangu alikuwa anaoza mtoto wake, akataka gari la harusi.

KADI: Rangi ikibadilika, injini ikibadilika, polisi wakague kwanza, ndipo TRA waniandike upya. Wewe ulipelekwa harusini moja kwa moja.

LANDROVA: Mwanangu, mimi na Sheria ya Usalama Barabarani tumezaliwa mwaka mmoja. Yenyewe wameirekebisha mara ngapi, na hakuna aliyeiuliza injini yake iko wapi.

PUNDA: Ya kwako iko wapi, babu?

LANDROVA: Nyarugusu, kule Geita. Iliuzwa ile miaka 6 niliyolala juu ya mawe Old Shinyanga. Sasa inazungusha karasha, inasaga mawe ya dhahabu.

KADI: Na ndiyo injini ninayoitambua. Hii Isuzu iliyomo kifuani mwake ni mgeni, hatujatambulishwa.

PUNDA: Kwa hiyo kwa maandishi babu anasaga mawe Nyarugusu, huku amesimama Ngokolo?

LANDROVA: Na sijaletewa hata pointi moja ya dhahabu.

MCHOMOKO: Angalau siku hizi ukilala hulipi. Ile leseni ya barabara ya kila mwaka si ilifutwa 2017?

KADI: Ilifutwa, ikahamia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Kabla ya hapo nilikuwa naona raha. Yeye yuko juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, lakini deni linatembea. Gari haliendi, deni linakwenda.

LANDROVA: Tena injini yangu ndiyo iliyoonewa zaidi. Inakunywa dizeli toka alfajiri, lami haijaiona miaka kumi, na bado inachangia barabara. Ningekuwa waziri ningelipa hilo karasha jina la mtaa.

MCHOMOKO: Nyie mnalalamikia uzee! Mimi nilishuka meli Dar es Salaam nina miaka 12 ya Japani. Bandarini wakaniambia nimezidi miaka 10, nilipe ushuru wa uchakavu. Tajiri wangu akalipa huku amekunja uso. Nikatoka getini na namba E, na nilipofika Kahama watu wakamwagia maji njiani: gari jipya! Siku moja tu nimekuwa mzee na kitoto kichanga.

KADI: Na wewe kadi yako inasema abiria wangapi?

MCHOMOKO: Watano, dereva akiwemo.

KADI: Jana kutoka Tinde?

MCHOMOKO: Tisa. Mmoja alikuwa mwembamba.

KADI: Na lile benchi lililochomelewa kwenye buti?

MCHOMOKO: Hiyo ni fanicha.

(Punda anacheka. Ndugu msomaji, kama hujawahi kusikia punda akicheka, pita Shinyanga siku ya mnada.)

LANDROVA: Juzi alikuja Mwingereza mmoja kutaka kuninunua. Alinizunguka kama mtu aliyeona kaburi la babu yake. Akamwambia fundi kwamba kwao gari likifikisha miaka 40 linaheshimiwa: kodi ya barabara hailipwi, na tangu 2018 ukaguzi wa kila mwaka si lazima.

MCHOMOKO: Nikifika 40 nitakuwa sufuria.

LANDROVA: Ila kuna sharti, lisiwe limebadilishwa sana. Akasema kwao ilikuwepo hesabu ya pointi kwa magari yaliyofumuliwa. Chesisi ya asili, pointi 5. Springi, 2. Ekseli, 2. Giaboksi, 2. Stelingi, 2. Injini, 1. Ukifikisha 8, unabaki na jina lako. Ukipungukiwa, wanaweza kukupa namba ya herufi Q, ile ya gari lisilojulikana lilikotoka.

PUNDA: Injini pointi moja tu? Na Bi Kadi anaililia hivi?

KADI: Uingereza si kwetu.

PUNDA: Tuhesabu, babu. Chesisi?

LANDROVA: Yangu, haijakatwa. Tano.

PUNDA: Springi?

LANDROVA: Za Hilux.

PUNDA: Ekseli?

LANDROVA: Sijui za nani. Zilikuja kwenye kiroba.

PUNDA: Giaboksi?

LANDROVA: Ilikuja na Isuzu, kama mke na mama mkwe.

PUNDA: Stelingi?

LANDROVA: Yangu! Mbili.

MCHOMOKO: Saba. Babu, umekosa moja.

(Kimya. Wote wanajua iliko.)

LANDROVA: Iko Nyarugusu, inawasagia watu pointi zao.

PUNDA: Mimi nimeshakaguliwa. Enzi za yale machinjio ya punda hapa mkoani, walikuja kununua ngozi ya kupeleka China. Hawakuuliza jina, wala rangi, wala nimevuta mikokoteni mingapi. Walinibonyeza hapa na hapa, wakaandika. Desemba 2021 serikali ikapiga marufuku kuchinja punda, nikarudishwa kwenye maji. Tangu siku hiyo mtu akija na karatasi, mimi naangalia miguu yake.

MCHOMOKO: Mkaguzi wa kesho si mchinjaji.

PUNDA: Najua. Ila kuna kitu sijasikia. Kwenye Kadi hakipo, kwenye pointi za Mwingereza hakipo. Breki je?

KADI: Hiyo si idara yangu. Mkaguzi ataziangalia.

PUNDA: Babu?

LANDROVA: Zipo.

PUNDA: Zinashika?

LANDROVA: Ukizipampu mara tatu, na kama mbele kuna kamlima.

(Alfajiri. Fundi anakuja anapiga miayo. Anafungua mlango wa Mchomoko, anachomoa mtungi wa kuzimia moto na pembetatu mbili za tahadhari, anavipanga vizuri ndani ya Landrova. Anamfuta Kadi vumbi kwa mkono wa shati. Kijana wake anawasha Isuzu. Moshi unamfunika Punda.)

FUNDI: Twende, kabla foleni haijawa ndefu. Lile jiwe la kuzuia tairi umelipakia?

KIJANA: Liko nyuma, fundi.

FUNDI: Ongeza na la pili.