Sifa za Mvua Juu ya Mabati

Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo wasemavyo wazee. Hapa Sigor, tangu bendi yetu ianze kurekodi albamu yake ya kwanza, dalili ya mvua ni mpiga saksafoni kuipata noti aliyoihangaikia tangu asubuhi. Akiipata tu, tone la kwanza linagonga bati. Linafuata la pili. Prodyuza anavua hedifoni na kututazama kama mtu aliyefiwa.

Mvua hii imelaaniwa sana. Mimi nimeamua kuitetea, tena si shingo upande.

Sigor ninayoisema si ile ya Pokot. Ni hii ya Chepalungu, kaunti ya Bomet, upande wa chini wenye mahindi na ng'ombe. Chai yenyewe iko juu, Konoin, Bureti na Kericho, na mvua makao yake ni huko huko, ila huteremka kutujulia hali. Saa zake zinajulikana: asubuhi jua, kisha upepo wa Ziwa Victoria unapanda milima na kukumbana na ule wa mashariki, na alasiri mbingu zinafunguka. Studio yetu ni chumba cha matofali kilichoezekwa mabati ya geji 30, bati jembamba ambalo hata ndege akitua unajua ametua kwa mguu upi. Silingi bodi haijawekwa. Ukutani tumebandika trei za mayai, ambazo nimekuja kugundua hazizuii sauti kutoka wala kuingia. Hupunguza mwangwi kidogo na kuwafanya wageni waulize kuku wako wapi.

Tuko watu tisa na tunajiita bendi kubwa ya jazz. Wamarekani waliouzoesha ulimwengu mtindo huo huketi watu kumi na saba hivi: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, kisha piano, gita, besi na ngoma. Sisi tuna saksafoni mbili, tarumbeta mbili na tromboni moja, ambayo kwa bahati mbaya hupigwa na mimi. Neno jazz halitutii haya. Shirati Jazz ya D. O. Misiani ilipiga benga, OK Jazz iliyozaliwa Kinshasa mwaka 1956 ilipiga rumba, na hakuna aliyewapeleka kortini.

Sasa nimsifu ninayemsifu. Kwanza, mvua ndiyo mdhamini wetu. Bila mvua chai haichipui; bila majani kiwanda hakina cha kusaga; bila kiwanda hakuna bonasi; na bonasi isipoingia, huko juu hakuna anayefanya harusi ya kualika bendi yenye tromboni. Kila shilingi tuliyomhesabia prodyuza ilianza kama tone kwenye kichaka cha chai. Leo mdhamini anakuja kusikiliza pesa zake zinavyotumika, nasi tunanuna. Angekuwa mheshimiwa wa kaunti tungempa kiti cha mbele na soda.

Halafu angalia haki yake. Mvumo wa stima hukaa mahali pamoja, hezi 50 na jamaa zake, na fundi huukata kama unavyokata kucha. Mvua haina makao. Imeenea kuanzia chini kwenye besi hadi juu kwenye ncha ya simbali, kwa hiyo hakuna kitufe cha kuitoa bila kuitoa na bendi pia. Inamfunika mpiga tarumbeta anayejionyesha sawasawa na mpiga tromboni aliyeingia kabla ya zamu yake. Jumamosi iliyopita niliingia mapema mara tatu. Hakuna ushahidi.

Nayo hufundisha. Ikishika kasi hatusikii hesabu ya kiongozi, wala mtu hamsikii jirani yake. Mwanzoni tulikuwa tunaweka vyombo chini. Siku moja tukaendelea tu, kwa ukaidi, kila mtu akitazama mabega ya mwenzake: yakiinuka, anavuta pumzi, yakishuka, piga. Miezi minane ya mazoezi katika ukumbi mkavu haikutufundisha kupumua pamoja. Mabati yalitufundisha kwa alasiri mbili.

Wanaodhani muziki mzuri huzaliwa kimyani waulize habari za Richmond, mji mdogo wa jimbo la Indiana. Mwaka 1923 bendi ya King Oliver, na ndani yake kijana Louis Armstrong, ilirekodi santuri zake za kwanza huko katika studio ya Gennett. Studio yenyewe ilijengwa kando ya reli. Treni ikija, kazi inasimama. Ikipita, wanaanza upya. Sisi angalau mgeni wetu anamwagilia sukuma wiki.

Na tusiende mbali hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet, si mbali na hapa, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimbia Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala, na kumwalika acheze nao. Chemirocha huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933 bila kuikanyaga Kenya. Jina lake lilifika kwa santuri za gramafoni, likapita masikio ya kwetu na kutoka upande wa pili na kwato. Sina shaka kwamba santuri zile zilichakacha. Kama zingesikika safi, tungebaki na Mmarekani mwenye gita, nao wako wengi. Hata zile ndogo alizozitoa A. P. Chandarana, mfanyabiashara wa santuri wa Kericho, ukizicheza leo utasikia kwanza mchakacho, kisha gita la benga. Kwa watu wa umri wangu, mchakacho ule ni sehemu ya wimbo.

Mvua ya mawe siitetei. Ukweli ni ukweli. Nyanda hizi za Kericho na Nandi huipata kwa wingi ambao sehemu nyingi za dunia haziujui, na katika miaka ya 1960 ilifikia hatua ya kurushiwa roketi ili isiharibu chai. Haikukoma. Prodyuza aliposikia habari hiyo aliuliza bei ya roketi.

Lakini mvua ya kawaida, hii ya saa kumi, tumeipokea. Mtoto anayezaliwa mvua ikinyesha kwetu huitwa Kiprop, au Cherop akiwa msichana, na sijasikia mzazi akiomba radhi kwa jina hilo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, albamu ikitoka, katika wimbo wa tano utasikia kitu kama mafuta yanayokaanga mandazi. Usiizime redio wala usiipeleke kwa fundi. Tazama nyuma ya jalada: majina tisa ya wapigaji yamepangwa kwa alfabeti, na chini yake, peke yake, la kumi. Kiprop, mabati.