Balozi Anatongoza Kwa Bando Langu
Mwenye shemeji atanielewa. Mdogo wa mke wangu tunamwita Balozi, maana akija huleta habari tu, mikono mitupu. Sasa kapata mchumba Uingereza, kwa njia ya simu. Bibie hajui Kiswahili, na Kiingereza cha Balozi ni cha kuungaunga, kwa hiyo Jumamosi jioni mapenzi huandikiwa mezani kwangu. Bando langu, daftari langu, na msahihishaji ni binti yangu wa kidato cha tatu, ambaye humu ndani cheo chake ni Mkaguzi.

Juzi Balozi alimwandikia mtoto wa watu kwamba ana "heavy love". Mkaguzi akakata kwa kalamu nyekundu. Mvua ndiyo "heavy", mjomba. Chai "strong". Mapenzi ni "deep". Ukiwa umepagawa kabisa, "madly in love", na hapo fuatisha "with", lakini "affection" inataka "for". Halafu akakuta "married with". Akaguna. Ni "to"!

"Nani kayaozesha maneno haya?" Balozi akafoka.

Nikaona nafasi ya kuonekana baba msomi. Nikadakia kwamba kuna Mwingereza, J. R. Firth, aliyeandika mwaka 1957 kuwa neno utalijua kwa maneno linayoandamana nayo, na Oxford mwaka 2002 wakatoa kamusi nzima ya ndoa hizo. Kamusi nzima! Hakuna aliyegeuka. Jikoni maharage yalishaanza kunuka, kila mtu akidhani mwenzake ameyaangalia.

Mama mkwe, yaani Bibi Redio, haumpiti mnong'ono. "Nimesikia mapenzi ya huko watu wanaanguka?"

"Ndiyo, bibi. 'Fall in love'."

"Basi waangukie hukohuko. Sakafu yangu ndiyo kwanza imepigwa saruji."

Yake gani, saruji nilinunua mimi. Lakini hayo tuyaache.

Mke wangu, aliyekuwa kimya akichambua mchele, akaniinulia macho. "Na wewe, Baba Mkaguzi? Mapenzi yako kwangu ni 'deep' au 'madly'?"

Ndugu yangu, wewe ungejibu nini, mkweo anakutazama na kalamu nyekundu iko tayari? Nikasema, "Very."

"'Very' haisimami peke yake, baba. Labda 'very fond of'."

"Si ndivyo unavyoipenda kahawa?" mke wangu akauliza, akarudi kwenye mchele wake.

Simu ya Balozi ikalia. Kumbe alishatuma ile barua ya kwanza, kabla ya kusahihishwa! Bibie amejibu kwamba amelia machozi, na kilichomliza ni "heavy love". Hajawahi kuambiwa hivyo maishani.

Mkaguzi akafunga daftari, akasusa, akaenda kulala bila kula. Balozi akala sehemu yake na ya Mkaguzi, tena akisifu maharage yaliyoungua kuwa yana ladha ya moshi. Sufuria nikaachiwa mimi.