Sarafu Tano za Kuchungulia Kabla Hujamrudishia Konda

Konda akikupa chenji, unaitia mfukoni bila hata kuitupia jicho. Kosa! Humo mna marais watatu, simba na kifaru, wamebanana kwa amani ambayo bungeni hawaijui. Nimezipanga tano kwa kigezo kimoja tu: konda atakunja uso kiasi gani ukimrudishia. Una ubishi? Umeze kwanza, nimalize.

5. Shilingi ya Mzee Kenyatta, 2005
Zimejaa kila mahali, ila soma mwaka. Mzee alifariki 1978. Miaka 27 baadaye akaitwa tena kazini. Kuna kustaafu, halafu kuna Mzee.
*Hukumu:* Itumie. Nyingine iko chini ya mto wa kochi.

4. Kobole ya pande saba, 1985
Moi usoni, pembe saba pembeni. Miaka ya 90 ikaja tano ya duara, metali mbili, moja ndani ya nyingine kama kiini cha yai. Nzuri, sawa, lakini ikikuponyoka inabingirika hadi kwa dereva. Ya pembe saba hutua palepale.
*Hukumu:* Fundi wake alikuwa mpanda matatu.

3. Senti kumi yenye tundu
Ya enzi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, Kenya, Uganda na Tanganyika zilipotumia pesa moja. Meno mawili ya ndovu yamelikumbatia tundu, na upande wa pili, juu ya tundu hilohilo, lipo taji la mfalme wa Uingereza. Kichwa chenyewe? Kilikosa nafasi.
*Hukumu:* Haina thamani dukani tangu zamani. Ukipewa kama chenji umepunjwa, ila umepunjwa kwa heshima.

2. Shilingi ya 1966
Toleo la kwanza la Kenya huru. Kenyatta yumo, jina lake halimo. Maandishi ya kumtambulisha yaliongezwa 1969. Yaani watu walipokwisha kumzoea, ndipo akajitambulisha!
*Hukumu:* Ikimfikia mama mboga, umeilipia sukuma wiki ghali kuliko wote mtaani.

1. Arobaini ya Kibaki, 2003
Nani anahesabu kwa arobaini? Ilitolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Moi alitawala sarafu kuanzia senti hadi mbao, yaani shilingi ishirini. Kibaki akaambulia hii moja. Kisha Katiba ya 2010 ikapiga marufuku sura za watu, na 2018 wakaingia twiga, kifaru, simba na tembo, ambao hadi leo hawajaomba muhula wa pili.
*Hukumu:* Konda ataigeuza mara tatu, kisha aulize: "Boss, hii ni ya nchi gani?"

Najua, yupo anayefoka kwamba ya tundu ndiyo namba moja. Haya, panda matatu ulipe nayo. Tutakungoja stejini, ukija kwa miguu.