Sifa za Mchanga wa Paje

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, karafuu ndiyo usiseme. Mchanga tunaoukanyaga sijasikia ukitungiwa hata ubeti. Mimi si mshairi. Ni fundi wa kaiti, yale matiara makubwa yanayowavuta watu juu ya maji hapa Paje, kusi na kaskazi. Lakini mchanga ndio ulionisomeshea watoto, na sitaki kuulipa fadhila za punda.

Kwanza, una nasaba. Huu si wa kuletwa na lori. Ni matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa, vilivyosagwa na bahari kwa miaka isiyo na hesabu hadi vikawa laini kama unga wa sembe. Jua la saa saba halikuunguzi nyayo. Mgeni akishuka kwenye gari huuinamia, huuteka kwa viganja na kuupiga picha. Hajui kuwa nusu ya ukoo huo tayari imo ndani ya begi lake.

Pili, ni mchapakazi. Tumezoea kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mchanga hausubiri jembe. Ukiingia tu, unaanza kazi. Kaiti ina mifupa ya hewa: kwenye ukingo wa mbele kuna ala ya kitambaa kigumu, na ndani yake mpira mwembamba unaojazwa kwa pampu. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya ubunifu huo mwaka 1984, ili kaiti ikianguka majini ielee na kuruka tena. Bahari waliikadiria sawasawa. Mchanga hawakuupigia hesabu, na hapo ndipo riziki yangu ilipoandikwa.

Juzi kijana mmoja kaniletea kaiti ya mita tisa. Analalamika: akiijaza asubuhi, kabla ya adhuhuri imelegea kama mlenda. Nikautoa mpira, nikaujaza upepo, nikaupaka maji ya sabuni kwa sponji, shubiri kwa shubiri. Karibu na ncha ya bawa, povu likaanza kutoa vijipovu vidogo, kimoja kimoja, kama samaki anayepumua. Pancha. Nikapenyeza kidole ndani ya ala, mahali pale pale. Kikatoka na punje moja, ndogo kuliko ufuta. Msimu mzima ilikuwa imelala kati ya mpira na kitambaa, ikisugua kila wimbi lilipopiga, bila mshahara wala likizo. Nikakausha, nikabandika kiraka, nikaupaka mpira poda ya watoto uteleze ukirudi ndani. Kijana akalipa. Punje haikudai hata asilimia kumi.

Tatu, haujatengana na mwenzi wake, chumvi. Mchanga hukwaruza, chumvi hugandisha. Usiku chumvi huvuta unyevu wa hewani, na kamba uliyodhani imekauka huamka mbichi. Wawili hao wakikutana ndani ya kapi, gurudumu hugoma na kapi huanza kuitafuna kamba. Wakikutana kwenye kifyatuo, kile kinachomtenganisha mtu na kaiti mambo yakiharibika, humkumbusha mwanadamu shahada yake akiwa bado hewani. Ni mawaidha gani ya Ijumaa yanayofika moyoni kwa kasi hiyo?

Nne, ni mlinzi. Kaiti ikitua na upepo unavuma, hutaka kuondoka peke yake. Watu huifudikiza na kuilundikia mchanga juu ya kitambaa, nayo ikatulia. Mlinzi huyo huyo, ukimburuta wakati wa kuiinua, hukwangua kitambaa na kula uzi wa mshono. Lakini nani aliwahi kuajiri mlinzi asiyeonja kidogo anacholinda?

Kitu chenye sifa hizi hakikosi maadui. Wapo akina mama wa mwani, wanaolima kwenye maji haya haya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: huanika mavuno juu ya vichanja, maana mwani ukishika mchanga mnunuzi hukunja uso. Na wapo wale wapanda kaiti wachache, wabaya zaidi. Mmoja wa hao hatoki ufukweni kabla hajaikung'uta kaiti. Lundo la mchanga halitaki. Hubeba kifuko kilichojazwa mchanga na kufungwa mdomo, kiwe uzito bila kusugua. Jioni husuuza kapi, kamba na kifyatuo kwa maji baridi, si ya kisima cha pwani ambacho nacho kina chumvi yake, kisha hukifyatua mara mbili tatu kuona kama kinatii. Kaiti yenyewe huianika kivulini, kwa kuwa jua nalo hula kitambaa, na haikunji mpaka ikauke. Mtu wa namna hiyo akipita mbele ya kibanda changu, ananiamkia kwa adabu na kuendelea na safari. Watoto wangu watakula nini?

Wahenga walisema mganga hajigangi. Jioni, wateja wakishaondoka, nami huchota ndoo ya maji ya tangi, nikaketi nyuma ya kibanda na kaiti yangu mwenyewe. Mwaka wa sita huu, haijawahi kupata pancha.